Kibuyu cha Kogo

Naitwa Mwalimu Wangeci. Mimi si mpole, na sitajifanya mpole kwa sababu ya habari hii. Nina mdomo mkali na jicho kali zaidi, ndiyo maana katika miaka kumi na tisa ya kufundisha watoto wadogo hapa Kaptembwo, Nakuru, sijawahi kuhitaji kiboko. Darasa langu la gredi ya tatu lina watoto sitini na wanne katika chumba kilichojengewa arobaini. Mwaka huu mmoja wao alikuwa haongei.

Jina lake Cheptanui. Aliletwa Januari na baba yake, Kipketer, mwanamume mrefu anayefanya vibarua vya mjengo. Mama yake alifariki mtoto akiwa mchanga, akalelewa na nyanya yake, aliyemwita kogo, huko juu Olenguruone. Desemba nyanya akazikwa, na baba akamchukua mtoto na nguo zake chache akamleta kwenye chumba chake kimoja. Alikuwa na miaka minane na sweta iliyomfika magotini, na sweta ile ilinuka moshi wa kuni.

Nilimkalisha karibu na Joyline, kwa kuwa Joyline ana mdomo na nilidhani mdomo huambukiza. Hata kabla sijafika ubaoni nikamsikia.

"Ticha, huyu ananuka moshi. Ananuka kama jikoni ya mazishi."

Darasa likaangua kicheko. Niliwafokea mpaka wakanyamaza, lakini kila mwalimu anajua kwamba watoto waliofokewa huendelea kucheka kwa macho. Wiki ya pili nilimpa Cheptanui kitabu asome. Akasoma mstari mmoja kwa lafudhi ya kwao, kwa sauti nzuri tu, wakacheka tena. Akafunga kitabu, akakaa. Tangu siku hiyo hakutamka neno darasani kwa wiki saba. Nikiita majina alikuwa anainua mkono. Nikimuuliza kitu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwalimu mkuu aliniambia mtoto asipoongea mpaka mwisho wa muhula atarudishwa gredi ya kwanza. Nilikataa. Mtoto yule alikuwa akiandika bila kosa, hesabu zake zilikuwa safi kuliko za nusu ya darasa. Kumrudisha kwa watoto wa miaka sita kungekuwa kumzika akiwa hai. Nikamwambia mkuu anipe muda, nitamfanya aongee. Nilisema hivyo nikiwa nimejaa kiburi, maana nilikuwa nimetoka kwenye semina.

Semina yenyewe ilikuwa ya siku mbili, jinsi ya kuwafunza watoto kuheshimiana hata kama kwao hakufanani. Tulipewa chai, mkoba na cheti. Cheti nilikitundika juu ya kabati la darasa. Kisha nikaanzisha kipindi changu mwenyewe, nikakiita Kwetu Kuna Hiki. Kila Ijumaa baada ya mapumziko mtoto mmoja alete kitu cha nyumbani kwao, wenzake wakione, wakiguse, na kama kinalika wakionje. Mtoto wa kwanza alileta kiondo cha nyanya yake. Wa pili alileta omena, dagaa wa ziwani, na nakuambia harufu ya Ijumaa hiyo ilibaki mpaka Jumatano, lakini hakuna aliyechekwa. Nilijipongeza sana. Kila Ijumaa nilikuwa narekodi kwa simu, kwa sababu siku hizi mwalimu asipokuwa na picha ni kama hakufundisha, halafu natuma kwenye grupu ya walimu wenzangu nisifiwe.

Wiki ya saba ya ukimya wake nikachutama kando ya dawati la Cheptanui. "Na wewe kwenu kuna nini?" nikamuuliza. Akaangalia viatu. Nikamwachia daftari. Niliporudi nilikuta ameandika: Iko kibuyu.

Nikamwandikia baba yake barua fupi. Ijumaa asubuhi nikawaona wawili hao langoni, mtoto amebeba kitu kilichofungwa kwa leso, amekikumbatia kwa mikono miwili. Baba alitembea nyuma yake hatua moja, mikono ameitanguliza kidogo, tayari kukidaka kikianguka. Tulisalimiana kwa mbali, akageuka kwenda kazini.

Kilikuwa kibuyu kirefu chembamba, chekundu kwa uzee, kimeshonewa ngozi shingoni na mstari wa shanga nyeupe, mbili zikiwa zimekatika. Alipofungua kifuniko nilisikia harufu ya moshi na kitu kichachu. Akamimina kwenye kikombe. Maziwa yalitoka mazito, ya rangi ya majivu, yenye vipande vyeusi.

"Ai! Ticha, maziwa imeungua!" Joyline akasema.

Nilijua yale ni mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kenya nzima inajua jina hilo, wakimbiaji wakirudi na medali huwa wananyweshwa kwenye uwanja wa ndege. Lakini mimi nimezaliwa Bondeni, nyumba za kaunsili, nimekulia chai na maziwa ya pakiti, na katika miaka yangu arobaini na nne sikuwa nimewahi kuyaonja. Macho ya darasa zima yakanigeukia. Nikanywa. Nitasema kweli, mara ya kwanza koo lilikataa. Nikameza kwa nguvu, nikatabasamu, nikanywa tena, na safari hii nikashangaa kwamba nilitaka zaidi.

"Ni tamu," nikasema. "Anayeogopa akae."

Hakuna mtoto wa Kaptembwo anayetaka kuitwa mwoga. Joyline alikuja wa kwanza, akafunga macho, akanywa, akafikiri. "Ni kama yogati imekaa karibu na jiko," akasema, kisha akanyoosha kikombe aongezewe. Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha namna nyingine, na Cheptanui akacheka nao. Foleni ikafika mlangoni. Kila mtoto alikuwa anapimiwa kifuniko kimoja, na Cheptanui ndiye aliyekuwa anapima.

Halafu akaongea. Mwenzao mmoja, Quincy, alimuuliza mbona ni nyeusi, na mtoto aliyekaa bubu wiki saba akaanza kueleza. Alieleza ng'ombe, mti wa senetwet, jinsi kijiti kinavyochomwa mpaka kiwe kaa, jinsi kaa linavyosuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kutiwa. Lafudhi ni ile ile, na hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na simu yangu juu, machozi yananilenga, nikihesabu jinsi video ile itakavyosifiwa. Nilikuwa nayaona maneno yakitoka kinywani mwake. Sikuyasikiliza.

Kengele ilipolia kibuyu kilikuwa kitupu. Sasa hapa lazima nieleze jinsi nilivyolelewa. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa na sheria moja ambayo angekuchapa kwayo. Chombo cha mtu hukirudishi kichafu, na hukirudishi bila kitu. Jirani akikuletea maharagwe kwa bakuli, bakuli lilikuwa linarudi likimeremeta, na ndani yake mayai mawili au sukari. Kurudisha chombo na uchafu wa chakula cha mwenyewe ilikuwa ni kumtukana. Mpaka leo sijui njia nyingine ya kusema asante.

"Niachie nikioshe," nikamwambia Cheptanui. "Jumatatu utakichukua."

Akakivuta kifuani. "Ticha, hii haioshwi," akasema, kwa sauti ndogo.

Nilicheka. Nilidhani ni adabu, vile mgeni anavyosema ameshiba. "Kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu," nikamwambia, nikanyoosha mikono. Akaniangalia. Mtoto wa gredi ya tatu anajua namna ya kumkatalia mwenzake, anajua hata kumkatalia mama yake. Kumkatalia mwalimu hajui. Akaniachia.

Jumamosi nilikaa kwenye mfereji wa maji nje ya nyumba yangu. Shingo ya kibuyu ilikuwa nyembamba, mkono hauingii, kwa hivyo nikatia changarawe, sabuni ya unga na maji moto, nikatikisa. Maji yalitoka meusi kama lami. Nikafurahi, jamani. Niliona nafanya kazi ya maana. Nikatia tena, nikatikisa, nikamwaga, mpaka mabega yakauma. Mara ya saba maji yakatoka meupe. Nikachungulia ndani kwa tochi ya simu, nikaona ukuta wa kibuyu umetakata, una rangi ya biskuti. Nilikianika juani siku mbili. Hata shanga mbili zilizokatika nikazitafutia nyingine sokoni, nikazishona mwenyewe. Jumatatu nikabeba kibuyu na pakiti ya sukari nikaenda shule kwa miguu, naimba.

Nilimpa kabla ya gwaride. Alikipokea kwa mikono miwili, akaona shanga mpya, akatabasamu kidogo. Kisha akafungua kifuniko, akainamisha uso, akanusa.

Sijui niseme nini juu ya uso ule. Haukulia. Ulitulia tu, kama wa mtu aliyeulizwa habari naye hana. Akanusa tena. Akageuza kibuyu, akachungulia, akanusa mara ya tatu.

"Asante, ticha," akasema.

Siku hiyo hakuongea na mtu. Wakati wa mapumziko nilimkuta nyuma ya darasa amekaa chini, mdomo wa kibuyu puani, ananusa, anapumzika, ananusa. Joyline alikuwa amekaa karibu naye, kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Nilipita. Nilijiambia watoto wana mambo yao.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alhamisi saa nne Kipketer alisimama mlangoni mwa darasa langu, kofia mkononi, saruji kwenye viatu. Nitakiri jambo la aibu. Nilipomwona nilijiandaa kwa vita. Mimi ni Mkikuyu wa Bondeni, yeye ni Mkalenjin wa Olenguruone, na sote wawili tulikuwepo Nakuru hii mwaka ule wa fujo za uchaguzi, ambao hatupendi kuutaja kwa tarakimu. Nilidhani nitasikia neno "nyinyi". Nikatoka nje nikiwa nimeshalipanga jibu langu.

"Mwalimu, pole kukusumbua," akasema. "Mimi sikukuja na maneno. Nimekuja tu kukuambia mtoto ni mzima. Si mgonjwa. Amekataa tu kuamka."

"Kwa nini?"

Akaigeuza kofia mikononi. "Ni hii kibuyu. Mimi ndio nilikosa, ningekuja kukuelezea. Unajua sisi tunapaka kaa kila mara kabla ya kuweka maziwa, na hiyo ya zamani tunatoa. Lakini hii, tangu tuzike mama yangu, mtoto alikataa niguse. Kaa yenye ilikuwa ndani ni ile kogo yake alipaka wiki ile alishikwa na ugonjwa. Hakuwahi weka maziwa. Hii maziwa ya Ijumaa nilimwaga pole pole juu ya hiyo kaa, yeye amenishika mkono."

Nilifunga mlango wa darasa nyuma yangu.

"Kila asubuhi kabla avae yunifomu alikuwa anafungua, ananusa, anafunga. Anasema kogo ako ndani. Mimi nilikuwa namwacha. Ni mtoto." Akaigeuza kofia tena. "Unajua Cheptanui ni jina ya mtoto amezaliwa akazimia. Alizaliwa hapumui. Ni mama yangu alimpulizia mdomo mpaka akalia. Hao wawili walikuwa kitu moja."

"Baba Cheptanui," nikasema, "nilitaka kuwaheshimu. Nilidhani ni uchafu."

"Najua, mwalimu. Nilimwambia pia. Nilimwambia mwalimu alikuwa anakupenda."

"Hatuwezi kupaka tena? Nitaleta huo mti mimi mwenyewe, hata kama ni Olenguruone, nitaenda."

"Tutapaka," akasema. "Sabuni itachukua muda kutoka, kibuyu inakunywa sabuni. Lakini tutapaka. Tu hiyo kaa sasa itakuwa yangu, si ya kogo." Akavaa kofia. "Na sukari tumekunywa. Asante sana."

Ningependa angenitukana. Tusi ningelijua la kufanya nalo.

Jioni ile nilifungua video. Ilikuwa na sifa ishirini na saba kwenye grupu, mikono ya kupiga makofi, mtu ameandika "mwalimu wa mfano". Nilikuwa nimeitazama mara kumi kwa furaha. Sasa nikaisikiliza. Quincy anauliza mbona ni nyeusi. Cheptanui anaeleza ng'ombe, anaeleza mti, anaeleza kaa. Kisha, kwenye dakika moja na sekunde kumi na mbili, wazi kabisa: "Hii ya ndani ni mkono ya kogo. Ikiisha hakuna ingine." Na juu ya maneno hayo inasikika sauti yangu mimi nyuma ya simu, ikimwambia mtoto fulani asogee, ananizibia.

Aliwaambia watu sitini na wanne. Nina hakika wengine walisikia.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Nilipiga magoti kando ya dawati lake mbele ya darasa zima, mimi Wangeci, nikamwambia nimekosa, nimeosha kitu ambacho hakikuwa uchafu, na aliniambia nisioshe nikakataa kumsikia. Nikamwomba msamaha.

"Sawa, ticha," akasema, vile vile wanavyosema nikiwaambia wanakili kazi ubaoni.

Kitu cha ajabu ni kwamba aliendelea kuongea. Si nami. Nami alisema ndiyo, hapana na asante. Lakini uwanjani nilikuwa namsikia akibishana na Joyline kuhusu kamba ya kuruka. Joyline akaanza kumwita Tanui, na mtu akithubutu kuiga lafudhi yake, Joyline anamshughulikia. Cheptanui alisoma kwa sauti mbele ya mwalimu mkuu, ukurasa mzima, na mkuu akanipa mkono akasema semina zile zina faida. Habari ya kurudishwa gredi ya kwanza ikafa. Nilichokitaka nilikipata chote. Nilikishusha cheti ukutani wiki hiyo hiyo, nikakitia ndani ya kabati chini ya chaki.

Nilitaka kukiua kile kipindi cha Ijumaa, lakini watoto walikataa, na zamu ilikuwa ya Quincy. Alileta kofia ya marehemu babu yake, kofia ya kazi ya reli, ya kitambaa cha buluu kilichopauka, ukingo wake wa ndani umekuwa mweusi kwa jasho la miaka. Simu yangu niliiacha ndani ya mkoba. Nilikaa kwenye dawati la nyuma pamoja na watoto nikasikiliza kila neno. Babu alipanda treni, babu alikuwa anapiga mluzi, babu alimvalisha Quincy kofia ile ikamfika mdomoni. Watoto waliishika mmoja mmoja, wakairudisha mbele.

Kengele ikalia. Ilikuwa saa ya kwenda kucheza, na nilijua gredi ya nne wangemnyang'anya kofia ile waichezee mpira. Nikasema bila kufikiri, kwa sauti yangu ile ya kila siku, "Quincy, iache hapa mezani, nitakutunzia mpaka saa tisa."

Quincy akaja nayo. Alikuwa ameshaunyoosha mkono, na mimi nimeshaunyoosha wangu, wakati mtu aliposimama safu ya tatu.

"Quincy," Cheptanui akasema. Hakupaza sauti, hakuwa na hasira. Aliongea kama mtoto anayemwonya mwenzake kuhusu shimo njiani. "Usimwachie ticha."

Hakuna aliyecheka. Quincy alinitazama mimi, akamtazama yeye, kofia ikiwa bado katikati yetu. Watoto wote walikuwa wananingoja.

"Msikilize," nikamwambia.

Akairudisha kofia kifuani, akaenda kukaa nayo karibu na Cheptanui. Hawakutoka kucheza siku ile. Nilichukua daftari zangu nikatoka mimi.